Chupa Tatu Katika Friji ya Mochari

"Mama, washa taa."

Taa ilikuwa inawaka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji mkononi, akimtazama mwanawe akipapasa ukuta kutafuta swichi. Ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Februari 2025, mwendo wa saa tatu usiku, katika nyumba ya mabati upande wa mashariki wa Nairobi. Kijana akasema anaona weupe mtupu, kama televisheni iliyopoteza stesheni. Saa kumi alfajiri alikuwa amekata roho, kabla shemeji yake hajapata hata bodaboda ya kumkimbiza hospitali.

Kisa hiki nimekifuata tangu wiki ya kwanza. Mimi ni msaidizi wa sheria mtaani. Naandikia watu barua, nawasindikiza kituoni, na sehemu kubwa ya kazi yangu, niseme ukweli, ni kukaa kwenye benchi. Majina ya watu, ya kituo cha polisi na ya mochari nimeyaacha kwa makusudi. Mama wa marehemu nitamwita Mama, kama mtaa mzima unavyomwita.

Marehemu alikuwa na miaka 31, kibarua wa mjengo. Jumamosi walilipwa, wakapitia kwa mama pima, muuzaji wa pombe ya mtaani, kama wiki zote. Jumapili alilala hadi adhuhuri, akaamka na kichwa kizito, akatapika mara mbili, akarudi kulala. Nani angeshtuka? Mtu aliyelewa jana hutapika leo. Nyumbani wote waliona ni hangova.

Hapo ndipo methanoli inapowahadaa watu. Yenyewe ni spiriti ya viwandani, haina rangi, na harufu yake haitofautiani sana na ile ya pombe tunayoijua. Madhara yake makubwa huja baadaye, ini linapoigeuza kuwa asidi ya fomiki, na hilo huchukua saa 12, wakati mwingine saa 24 au zaidi. Asidi hiyo hushambulia mshipa wa jicho kabla mwenyewe hajajua anaumwa nini. Dawa ipo: hospitali inaweza kumpa mgonjwa fomepizoli, au hata ethanoli, ile pombe ya kawaida, kwa kipimo, na kumsafisha damu kwa mashine ya figo. Lakini daktari anayeletewa mlevi anayetapika lazima awe na sababu ya kuwaza methanoli. Sababu kubwa kuliko zote ni kuambiwa kwamba wiki iliyopita mtu mwingine wa mtaa uleule alikufa nayo.

Nairobi inalijua jambo hili tangu zamani. Novemba 2000, pombe ya "kumi kumi", iliyoitwa hivyo kwa kuwa gilasi iliuzwa shilingi kumi, iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru na jirani zake, na wengi waliopona wakabaki vipofu. Mei 2014 ikawa Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Kila mara serikali hupata habari kwa wingi wa maiti. Zikija kumi kwa siku moja, waziri anafika. Ikija moja Jumatatu na nyingine Alhamisi, hakuna anayezijumlisha.

Mtu akifia nyumbani na kifo kikatiliwa shaka, maiti haiguswi mpaka polisi wafike. Mama alipiga ripoti saa kumi na mbili asubuhi, akapewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Gari likaja saa saba mchana. Katikati ya saa hizo majirani walikuja kumpa pole wakakaa nje kwenye ndoo zilizopinduliwa, na mzee mmoja wa nyumba kumi akamshauri kwa upole: "Mama, waambie alikuwa na pumu. Wakisikia pombe watakuzungusha." Ushauri ule ulikuwa wa mtu anayeijua nchi yake. Kama Mama angeufuata, chifu msaidizi angejaza fomu ya kifo cha nyumbani, kibali cha mazishi kingetoka, na kitabu cha serikali kingesema ugonjwa wa ghafla. Mama alikataa. Alimwambia afande kijana alikunywa wapi, lini na na nani.

Mochari kukatokea jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nahisi baridi. Mhudumu wa zamu alimpokea maiti, akamfunga kitambulisho mguuni, akauliza swali la kila siku: "Tumtie dawa?" Jamaa wengi hukubali, maana friji hazitoshi na hakuna anayetaka mpendwa wake aharibike. Shemeji alikuwa ameshatoa simu kulipa kwa M-Pesa, lakini salio halikutosha. Akasema watamalizana kesho.

Kesho yake maiti akahesabiwa kuwa wa upasuaji, asiguswe. Ijumaa, tarehe 21, daktari alipomfungua, nilimuuliza ingekuwaje kama angekuwa ametiwa dawa. Akanitazama juu ya miwani. "Dawa yenyewe ni formalini, nayo imechanganywa na methanoli ili isigande," akasema. "Ningekuwa napima dawa yenu, si pombe yake."

Kwa hiyo ushahidi wote wa kisa hiki ulinusurika kwa sababu mtu mmoja hakuwa na pesa za kutosha kwenye simu. Mlango wa mochari ile haukuwa na ilani yoyote inayomwambia mhudumu kwamba maiti wa OB asitiwe dawa kabla daktari hajachukua sampuli. Huenda sheria hiyo wanaijua kichwani. Siku ile zamu ilikuwa ya mtu asiyeijua.

Upasuaji ulichukua kama saa moja u nusu. Glavu na chupa za sampuli tulinunua sisi, duka la dawa ng'ambo ya barabara, shilingi 1,200 pamoja na mfuko. Daktari alichukua damu kutoka mshipa wa paja, mkojo, na maji ya jicho kwa sindano nyembamba sana. Maji ya jicho, alieleza, hukaa bila kuchafuliwa na kuoza kuliko damu. Chupa tatu zikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito, zikafungwa kwa plasta nyeupe, zikaingizwa kwenye friji ndogo pembeni, ile ambayo kwenye nyumba ya kawaida ingekaa maziwa. Kwenye fomu ya polisi, ile ya 23A, sehemu ya chanzo cha kifo, daktari akaandika kwamba anasubiri majibu ya maabara.

Mazishi yakafanyika Machi mosi. Kamati ikachanga, gari likapanda usiku, tukazika, tukarudi. Mama akaanza kusubiri.

Machi ikapita. Aprili ikapita. Nikienda kituoni naambiwa majibu hayajatoka maabara. Nilikubali, kwa kuwa ndivyo kila mtu husema Nairobi: maabara inachelewa. Tarehe 12 Mei, nikiwa mochari kwa shughuli ya familia nyingine, nikamwomba mhudumu afungue ile friji ndogo. Chupa zilikuwa pale. Tatu, plasta nyeupe, wino umeanza kufifia kwenye ile ya mkojo.

Maabara haikuwa imechelewa. Haikuwa imeletewa kitu.

Niliuliza kwa nini, na majibu niliyopewa ndiyo kiini cha kisa hiki, kwa hiyo niyaeleze taratibu. Mhudumu alisema kazi ya mochari ni kuhifadhi. Kusafirisha sampuli si kazi yake, na ni kweli, sampuli ya ushahidi hubebwa na afisa mpelelezi ili mnyororo wa makabidhiano usikatike. Kituoni nikaambiwa mpelelezi aliyekuwa na faili alihamishwa Machi, na aliyempokea hakuambiwa kuna chupa. Daktari alisema amefanya upasuaji, ametia sahihi fomu, na akiondoka chumba kile kazi yake imekwisha hadi majibu yamrudie. Kila mmoja alikuwa na haki kwa upande wake. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikitafuta mzembe, na sikumpata hata mmoja mwenye kosa la kumfukuzisha kazi.

Tazama ramani ya madaraka. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za afya za kaunti ni mali ya serikali ya kaunti, na humo yametajwa makaburi na nyumba za kuhifadhia maiti kwa jina. Friji, basi, ni ya kaunti. Mwanapatholojia wa serikali, yaani daktari anayepasua maiti, yuko chini ya Wizara ya Afya, serikali kuu. Polisi ni serikali kuu pia, ila wizara nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 386, inamtaka mkuu wa kituo amjulishe hakimu kifo cha kutiliwa shaka na apeleke maiti kwa daktari. Hakimu ndiye mwenye mamlaka ya kufanya uchunguzi wa kifo, lakini hakimu hana gari, hana friji, na hajui kitu mpaka aletewe faili. Mkono mmoja unashika kichwa cha maiti, mwingine miguu, na katikati hakuna aliyeshika kifo chenyewe.

Bunge liliona pengo hili. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo ilitiwa sahihi mwaka 2017, Sheria Nambari 18. Ingeunda ofisi moja chini ya mchunguzi mkuu, yenye jukumu la kufuata kifo cha ghafla, cha ukatili au cha kizuizini kutoka eneo la tukio hadi ripoti ya mwisho. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Msitu wa Shakahola, walikozikwa wafuasi wa dhehebu waliofunga hadi kufa, ulipofukuliwa Aprili 2023, miaka sita baadaye, nchi bado ilikuwa inahesabu makaburi bila ofisi hiyo. Miili ya kwanza kutoka msitu ule ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima, kwa kuwa ilibidi kila mfupa ulinganishwe kwa vinasaba. Siwalaumu waliofanya kazi ile ya kutisha. Nalaumu kwamba sheria inaweza kutiwa sahihi ikawekwa kabatini kama sahani za wageni.

Juni ikaja na jambo ambalo Mama hakuweza kulisahau. Tarehe 8, Albert Ojwang, mwalimu kijana, alifia katika Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi. Polisi wakasema aligonga kichwa ukutani. Tarehe 10 maiti yake ikafanyiwa upasuaji, na siku ileile kiongozi wa timu ya wanapatholojia, Dkt. Bernard Midia, akatoka mbele ya kamera akaeleza: jeraha la kichwa, shingo iliyobanwa, majeraha mwilini kote, na dalili kwamba hayo hakujifanyia mwenyewe. Hadithi ya ukuta ikaanguka. Siku iliyofuata mkuu wa polisi alikuwa mbele ya Seneti akiomba radhi.

Mama aliitazama taarifa ile kwangu, kwa kuwa runinga yake iliuzwa kulipa gari la mazishi. Hakusema kitu mpaka tangazo la biashara lilipoanza. "Kumbe wanaweza," akasema. "Siku mbili."

Nilijaribu kumweleza kwamba jeraha huonekana kwa macho, na sumu inahitaji mashine. Ni kweli. Lakini si jibu, na alijua si jibu. Kilichoifanya siku mbili zitoshe ni kwamba nchi nzima ilikuwa mlangoni, na madaktari wa upande wa familia walikuwa ndani ya chumba. Huduma ileile, madaktari wa mafunzo yaleyale, sheria zilezile. Kisichokuwepo kwenye kifo cha kibarua ni mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo tukaamua kuuliza kwa maandishi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Barua ilikuwa na maswali matatu tu: chupa ziko wapi, nani anatakiwa kuzibeba, atazibeba lini. Nakala moja kwa kaunti, moja kwa wizara, moja kituoni. Nilizipeleka kwa mkono na kudai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Nawasihi wote wanaoandika barua hizi wafanye hivyo, maana barua isiyo na muhuri haikuwahi kuandikwa.

Kaunti ilijibu siku ya 17, mstari mmoja: suala hili haliko chini ya ofisi hii. Ungedhani tumeshindwa. Ila sheria hiyohiyo inasema ofisi ikiona habari ziko kwa ofisi nyingine, inaweza kulihamisha ombi huko ndani ya siku 5 na kumjulisha mwombaji, badala ya kumrudishia barua kama muuzaji aliyekosa chenji. Nikaandika tena, safari hii nikitaja kifungu na kuweka chini kabisa kwamba nakala itakwenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya serikali. Sijui ni neno gani lililofanya kazi. Wiki moja baadaye simu ikalia, afisa wa kituoni, sauti ya heshima tele: "Mzee, zile chupa zimepelekwa leo asubuhi. Nimezibeba mimi mwenyewe." Ilikuwa katikati ya Julai. Zilikuwa zimekaa mochari siku 140 na ushei.

Sampuli iliyokaa muda huo inaweza kutetereka, hasa damu, kama friji ilizimika umeme ulipopotea, nao ulipotea zaidi ya mara moja. Maji ya jicho yalituokoa. Ripoti ilitoka Septemba: methanoli, kwa kiwango cha kuua. Daktari akaijaza ile nafasi kwenye fomu aliyoiacha wazi tangu Februari.

Kuna maiti wa pili katika kisa hiki, na yeye hana ripoti. Walikuwa wanywaji wenza. Alikufa Jumanne, siku moja baada ya kijana wa Mama, chumba cha pili kutoka kwa mama pima. Familia yake ilisikiliza wazee. Alitiwa dawa usiku uleule, akasafirishwa ushago, akazikwa kabla ya wiki kwisha. Nimeiona hati yake: ugonjwa wa ghafla. Mnywaji wa tatu alipona, ila haoni. Anakaa nje ya kioski cha dadake, anatambua watu kwa sauti, na husalimia kabla hujamsalimia.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba upasuaji wa maiti ni huduma ya walio hai. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ina orodha ya magonjwa ambayo daktari lazima ayatolee taarifa. Kipindupindu kimo. Kama yule kijana angekufa kwa kuhara, maafisa wa afya wangekuwa mtaani siku ileile na chupa za klorini, wakipima kisima. Alikufa kwa sumu ya kwenye gilasi, na gilasi haimo kwenye orodha ya magonjwa ya kuambukiza. Ripoti yake ikaenda kwenye faili la jinai, na faili la jinai linasubiri maelekezo ya mwendesha mashtaka. Hakuna bomba linalotoka kwenye faili hilo kwenda kwa mtu wa afya. Ibara ya 43 inazungumzia kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwangu mimi, kiwango cha chini kabisa ni jirani kuambiwa kwamba kinywaji cha mlango wa tatu kinaua.

Wiki ya mwisho ya Septemba nilichukua nakala ya ripoti, nikaenda nayo mwenyewe kwa afisa wa afya ya umma wa wadi. Ofisi ni kontena la kijani lenye feni moja. Ni mama wa makamo, msikivu, mwenye madaftari yaliyopangwa kwa rangi. Alisoma ripoti mara mbili, akarudi kwenye tarehe ya kifo, akaweka kidole juu yake.

"Hii ni Februari."

"Ndiyo."

"Mimi nimekuwa hapa Februari. Nimekaa kiti hiki." Akavua miwani. "Hakuna aliyeniambia."

Akachukua daftari jekundu, akaniomba nimpeleke hadi mlangoni penyewe. Tulitembea dakika kumi, tukiruka mitaro, yeye akisalimiana na kila mwenye kioski. Nilimwonyesha. Mama pima alihama tangu Mei, na hakuna aliyetaka kusema alikokwenda. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi mpya, na kijana mmoja alikuwa anakaanga chipsi mbele yake, mafuta yakichemka kwenye karai. Afisa akaangalia karai, akaangalia lile dumu la mafuta chini ya meza, akamuuliza kijana amelinunua wapi. Kisha akaandika tarehe ya leo kwenye daftari jekundu.

Faili la uchunguzi wa kifo halijafika kwa hakimu.